Tambi za Mke Mpya wa Baba

Jumanne iliyopita nilirudi nyumbani nimechoka, joto la Voi la kutwa nzima bado limejaa jikoni, na sikuwa na nguvu ya kusonga ugali. Nikachukua pakiti ya tambi, nikazivunja mara mbili, nikazitia kwenye maji yanayochemka. Nilikuwa na nusu kabeji, karoti mbili zilizoanza kulegea, kitunguu na hoho moja. Robo saa haikuisha, chakula tayari. Mjukuu wangu akachungulia kwenye karai, akanusa, akaniuliza, "Umetia nini humu?" Yeye aliuliza kwa njaa tu. Lakini mimi niliduwaa na mwiko mkononi, maana swali hilohilo niliwahi kuliuliza nikiwa na umri kama wake, na sikuliuliza kwa njaa.

Nikuambie mapema, rafiki yangu, usije ukashangaa mbele: mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa hata kama ng'ombe nimemwona akikamuliwa. Mtu akinisifu nguo, najiuliza anataka kuazima nini. Tabia hii sikufunzwa na mtu, nilikuwa nayo tangu utotoni, na mwaka ule kule Werugha, kijijini kwetu mlimani, miaka ya sabini, niliifuga kama watoto wenzangu walivyofuga sungura.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka saba, akamwacha mdogo wangu wa kike bado ananyonya. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Voi, akipanda mlimani mara moja kwa juma akipata ruhusa, na asipopata tunangoja. Aliyetulea ni bibi, mama yake baba. Jikoni kwa bibi palikuwa na mafiga matatu na chungu kilichoanza kutokota tangu saa sita mchana. Nakumbuka ukungu unavyoingia mlangoni na moshi unavyotoka, vinapishana. Nakumbuka maharagwe na mihogo vikipondwa kwa mwiko mzito mpaka viwe kimanga, na pembeni sunga, ile mboga chungu inayokufanya ukunje uso kisha uombe tena. Bibi hakuwa na imani na chakula cha haraka. "Chakula ni cha kungojewa," alizoea kusema, na sisi tulingoja, matumbo yakinguruma.

Kabeji na karoti tulizilima kwenye matuta, lakini zilikuwa za watu wa mjini. Lori lilikuja kuzichukua asubuhi na mapema. Zilizopasuka na zilizopinda zilibaki, ng'ombe akala nyingi na sisi tukala chache.

Nilipotimiza miaka kumi, baba akapanda mlima na mwanamke. Alikuwa mtoto wa Voi, wazazi wake watu wa pwani waliokuja kwa kazi na baadaye wakarudi kwao upande wa Mariakani. Alivaa leso mbili, akaingia akapiga magoti kumwamkia bibi kwa Kiswahili laini, kimenyooka. Kidawida, lugha yetu ya mlimani, hakujua zaidi ya salamu. Bibi akamwitikia, kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kidawida, "Ulimi laini namna hii unaficha nini?" Ikawa kama nimepewa kazi. Tangu siku ile nikaanza kuchunguza.

Alikuja na sanduku, jiko la makaa, karai jeusi, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na unga wa manjano. Leo najua ilikuwa bizari, tena ya kawaida kabisa. Siku hizo jirani yetu, mama mmoja aliyejua habari za kila nyumba kabla wenye nyumba hawajazijua, alinivuta kando akanong'ona, "Ile ni dawa ya kumfunga baba yenu. Mtaona, atawasahau." Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Siku ya kwanza alitupikia tambi kwa sukari, kama wapikavyo kwao, ila nazi hakuipata. Bibi alitazama sahani kwa muda. "Sukari ni ya chai," akasema. "Na hivi ni nini, minyoo?" Mdogo wangu alikuwa ameshanyosha mkono, nikamfinya. Sahani zikarudi zilivyokuja.

Mke wa baba hakununa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu aliyekataliwa chakula chake si anapaswa kununa? Yeye alizunguka shambani, akaokota kabeji iliyopasuka, karoti zilizopinda na majani ya vitunguu. Jioni akakaanga kitunguu kwenye karai mpaka kikageuka rangi, akatia karoti, kisha kabeji aliyoikata nyembamba sana, akafinya ule unga wake kidogo, na mwisho tambi zilizochujwa maji. Alizigeuza upesi upesi juu ya moto mkali. Harufu ilifika mpaka zizini, nami nilikuwa nimejificha hukohuko zizini.

"Umetia nini humu?" nikamuuliza niliposogea.

"Mboga zenu wenyewe, mwanangu," akasema. "Na mkono wangu."

Ule mkono ndio niliokuwa siuamini. Siku iliyofuata nikaiba chembe za unga wa manjano, nikachanganya na mahindi, nikampa kuku. Nilikaa naye mpaka jioni nikingoja aanguke. Kuku alikula, akakuna ardhi, kesho yake akataga. Badala ya kufurahi nilimkasirikia kuku.

Bibi alikula vijiko viwili, akasema mboga hazijaiva. Safari nyingine zikaiva. Bibi akasema chakula hakishiki tumbo, na kesho yake karaini mkaonekana maharagwe. Bibi akasema mdomo wake umezoea uchungu. Basi mke wa baba akashuka bondeni peke yake, akarudi na fungu la sunga, akaikatakata humohumo kwenye tambi. Kwao pwani wangemcheka, lakini yeye kila lalamiko la bibi alilijibu kwa karai la siku ya pili. Na alipoona bado tunasitasita, akaanza kuonja mbele yetu, kijiko kutoka kila upande. Mimi nikajiambia kwamba lazima ameshakunywa kitu cha kuizuia sumu. Usinicheke. Ukishaamua kushuku, kila kitu kinakupa ushahidi.

Kisha mambo mawili yakatokea katika juma moja. La kwanza, nilirudi kutoka shuleni mapema, nikamkuta bibi peke yake jikoni. Alikuwa ameinamia karai la jana, anakwangua tambi zilizoganda chini, anakula kwa vidole na kufumba macho. La pili, mdogo wangu alijikwaa uani, akainuka analia, akanipita mimi niliyemnyoshea mikono, akaenda kumkumbatia yule mwanamke miguuni. "Mama," akamwita. Yeye hakumjua mama yetu, kwa hiyo hakuwa na wa kumsaliti. Lakini mimi nilikuwa naye, na moyo wangu uliwaka.

Siku chache baadaye mdogo wangu akaugua. Aliharisha, akatapika, mwili ukawa moto. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza na maji ya chemchemi yalikuwa rangi ya chai. Juma lililofuata nusu ya watoto wa kijiji waliugua vivyo hivyo, na mwalimu akatutangazia tuchemshe maji. Lakini mdogo wangu alikuwa wa kwanza, na wa kwanza hutafutiwa sababu.

Kwetu, mtoto akiugua ghafla, wazee hawakuanza kwa kuuliza amekula nini. Waliuliza nani ana hasira moyoni. Hasira iliyofichwa iliweza kumchoma mwingine, hasa mtoto, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Tiba yake ni kutasa: unapiga funda la maji, unayapuliza nje, na hasira inatoka nayo huku ukimtakia mgonjwa mema. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini kutasa hakukuona kuwa na ubaya. "Mungu naye hataki hasira," alisema.

Alhamisi alasiri akatuita uani: mke wa baba, jirani, na mimi. Alishika kata ya maji, akaeleza kwa Kidawida, haraka haraka, kwamba aanze aliyeingia nyumbani mwisho. Akampa kata mke wa baba. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniinamia mimi. Alikuwa amekesha na mtoto siku mbili.

"Mwanangu, bibi anasema niyafanye nini haya maji?"

Nilijua. Mtoto yeyote wa Werugha alijua.

"Kunywa," nikamwambia.

Akanywa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Jirani akashika kifua, "Amemeza! Amemeza hasira yake!"

Bibi akachukua kata, akapiga funda, akapuliza kuelekea nje ya ua na kusema maneno ya kumpoza mtoto. Jirani naye akafanya hivyo. Hapo ndipo mke wa baba alipoelewa. Aligeuka, akanitazama. Zamu yangu ikafika. Nikapiga funda, nikapuliza mbali kuliko wote, na nikasema bila kukwama, "Kama ni mimi niliyekasirika, itoke, mdogo wangu apoe." Bibi akanisifu.

Jumamosi baba akaja. Bibi alimweleza yote kabla hajavua koti. Baba akamwita mkewe mbele yetu.

"Ni kweli ulimeza?"

"Nilimeza."

"Nani alikuambia umeze?"

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mkono wangu kwenye ukuta. Hakunitazama hata kidogo.

"Hakuna mtu," akasema. "Kwetu si adabu kutema maji mbele ya mkwe."

"Basi hasira yake amebaki nayo," bibi akasema. "Hatapika tena katika jiko langu. Na mtoto asimguse."

Baba hakuwa mtu wa kumpinga mama yake. Kesho yake asubuhi walishuka, sanduku kichwani kwake baba, karai mkononi kwa yule mama. Aliomba amuage mtoto, bibi akakaa mlangoni asipite. Baba alimpeleka moja kwa moja kwao Mariakani, akarudi kazini peke yake. Hakuoa tena. Mdogo wangu alipoamka, homa imeshuka, aliita "Mama, Mama" mpaka mchana. Bibi akasema ni ishara kwamba mtoto anapona, na kweli alipona.

Unadhani nilijuta? Bado. Nilingoja. Nilijiambia kwamba yule mwanamke ameiweka siri yangu mahali, iko siku ataitumia. Kila baba alipopanda mlima nilimtazama usoni kuona kama ameambiwa. Mwaka ukapita, miwili, mitano. Hakuna kilichokuja. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba kuna mtu anaweza kukusitiri bure.

Nilimwona mara moja tu tena, hapa Voi sokoni, nikiwa msichana mkubwa. Alikuwa amepita tu, anasubiri gari la moshi. Yeye ndiye aliyenitambua. Alinishika bega, akaniuliza jambo moja, kama mtu aliyelibeba miaka yote hiyo.

"Mdogo wako alipona?"

"Alipona," nikasema.

Akashusha pumzi, macho yakamjaa maji. Nilikuwa nimeshika vitunguu, nikaanza kuvihesabu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaenda.

Bibi ametangulia, baba ametangulia, jirani pia. Jiko la mafiga lilianguka, kijana wa ukoo akajenga nyumba ya matofali papo hapo. Kutasa sijakuona siku nyingi. Mtoto akiugua anapelekwa zahanati, na ndivyo inavyostahili. Sunga inauzwa kwa mafungu madogo, na vijana hawaitaki.

Jumanne hiyo, baada ya mjukuu kushiba, nilimpigia simu mdogo wangu. Sasa ni mama wa watoto wanne. Nikamuuliza kama anamkumbuka mke wa pili wa baba.

"Baba alioa tena?" akashangaa. Kisha akasema polepole, "Ngoja. Bibi aliwahi kuniambia kwamba nikiwa mdogo kuna mtu alitaka kuniua. Ndiye huyo?"

Nikakaa kitini. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kuhusu tambi na sunga, na jinsi alivyokimbilia miguu ya yule mama uani. Nikamwambia neno nililosema Alhamisi ile.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo kujibu. Bibi alimwita "yule". Jirani alimwita "mgeni". Baba, mbele yetu, alimwita "mwenzangu". Wewe ulimwita Mama, nikamwambia. Mimi sikumwita chochote, na jina lake sikuwahi kuuliza.