Malaika Aliyevaa Akala

Malaika aliyeniokoa alinipigia simu Jumanne, saa nne asubuhi. Alikohoa kwanza, halafu akauliza kama mimi ndio ile mtu ya pikipiki.

Nilikuwa nampimia mteja ndengu sokoni. Gorogoro, lile kopo la kupimia, likaniponyoka, ndengu zikatapakaa hadi barabarani.

Wacha nianzie mbali kidogo, msije mkafikiri nimerukwa na akili.

Naitwa Mutembei. Kwetu ni Meru, lakini Isiolo nimekaa miaka ishirini. Ukifika mtaa wetu wa Chechelesi uulize mzee wa kanisa anayeuza nafaka, hata mtoto atakuleta kwangu. Na ukimwomba ushuhuda wangu, atakupa wote bila kukohoa.

Uko hivi. Miaka tisa iliyopita nilikuwa napeleka miraa Korbesa kwa pikipiki. Nimepita Gotu kidogo tu, cheni ikakatika. Jua la huko si la mchezo. Maji yakaisha, miguu ikakataa, nikaanguka kando ya barabara. Nikamwita Mungu kwa sauti yangu yote. Akatokea kijana mrefu mwenye nguo nyeupe, akaninywesha maji. Nilipozinduka nilikuwa ndani ya lori la mbuzi naelekea Isiolo, na kijana hayupo.

Hapo kanisa zima husimama. Kuna watu wameokoka kwa huo ushuhuda, sidanganyi.

Sasa, Aprili hii kifungua mimba wangu Kawira akarudi kutoka chuo kikuu. Anasomea falsafa. Alienda akiwa mwimbaji wa kwaya, akarudi akiwa na maswali. Kanisani alikuja, akakaa, akasikiliza. Halafu jioni moja akatuambia waziwazi kwamba haamini tena, na kwamba hakutaka kutuigizia.

Mama yake alilia. Mimi nikatoa dawa yangu ya siku zote, ushuhuda. Kawira alinisikiliza mpaka mwisho, akamega ugali.

"Baba, huyo malaika alivaa viatu gani?"

Nilimwambia asicheze na mambo ya Mungu. Lakini chakula kilinishinda palepale.

Kwa sababu viatu nilivikumbuka. Nilikuwa nimelala kifudifudi, na kitu cha kwanza kuona kilikuwa akala, zile za tairi. Ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa waya.

Miaka tisa nilikuwa najua.

Mara ya kwanza kusimulia nilisema "mtu." Pasta Kubai akadaka maiki akasema huyo hakuwa mtu, kanisa likalipuka. Jumapili iliyofuata mtu wangu akawa malaika. Baada ya mwezi akarefuka. Utamu wa amina, ndugu yangu, usiusikie kwa watu tu.

Wiki hiyo sikutulia. Nakaa nainuka, nafunga duka nafungua. Jumapili ya wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, na shahidi mkuu nilikuwa mimi. Nikimwangalia mtoto wangu naona anateleza, na kamba pekee niliyokuwa nayo ya kumtupia ilikuwa hiyo hadithi.

Kawira akasema basi aende Gotu aulize. Kama hakuna anayemjua huyo kijana, hatanibishia tena. Na mimi, kwa kiburi tu, nikamwambia nenda.

Jumatatu akaenda. Jumanne ndiyo hiyo simu; Kawira alikuwa bado Gotu, na ndiye aliyetoa namba yangu.

Anaitwa Aule. Ni mama wa watoto watano, anachoma makaa. Kijana wangu mrefu alikuwa ni huyo, na nguo nyeupe ilikuwa gunia la unga alilojifunika kichwani kwa sababu ya jua.

Nilifunga duka nikakodi boda hadi Gotu. Kumbe kule nao wana ushuhuda wao. Nilipouliza dukani, wazee walicheka hadi wakashika mbavu. Wakaniuliza, yule mama aliyeacha makaa yake yaungue kwa ajili ya mlevi wa miraa?

Tanuri la makaa hufunikwa kwa mchanga, na lazima lilindwe usiku na mchana. Likipasuka mahali hewa ikaingia, kila kitu kinakuwa jivu. Siku ile la Aule lilikuwa katika siku ya tatu. Aliliacha, akaninywesha maji yake, akasimama barabarani mpaka lori likaja, wakanipakia yeye na dereva. Aliporudi alikuta jivu. Kazi ya mwezi mzima, kuanzia kukata miti. Mume wake alimtukana, na kijiji kikapata kichekesho cha miaka tisa.

Na mimi nimepita Gotu mara ngapi tangu hapo? Sikuwahi kusimama. Utasimamaje kumtafuta malaika? Nilimpandisha mbinguni nikapumzika kumshukuru.

Nilipompata Aule nilimwomba msamaha, na machozi yalinitoka mbele ya binti yangu. Nikamwomba aje mkutanoni Jumapili.

Pasta Kubai nilipomweleza alinisihi niache mambo yalivyo. Alisema watu watapotea. Nikamwambia wa kwangu ameshapotea, na aliyempoteza huenda ni mimi.

Jumapili nilisimama nikasema yote. Akala, waya, gunia, jivu. Hakukuwa na amina hata moja. Mama mmoja aliinuka akajifunga leso akaondoka.

Pasta, kwa kutaka kuokoa mkutano, akampelekea Aule maiki kule nyuma alikokaa na Kawira. Akamuuliza ni nani alimtuma siku ile. Nilijua anachotaka kusikia, angalau sauti kutoka juu.

Aule aliishika maiki mbali na mdomo, kama kitu cha moto.

"Hakuna mtu alinituma. Huyu alikuwa anaita. Hakuniita mimi, lakini ni mimi nilikuwa karibu."

Akarudisha maiki, akakaa.

Pasta alisahau kuomba. Mimi nilimtazama Kawira, na Kawira alikuwa anamtazama Aule, mdomo wazi, bila swali hata moja.

Tulipokaribia mlango wa nyumbani alisimama.

"Baba, bado siamini," akasema. "Lakini hiyo ya leo, tafadhali, usije ukaiongezea chumvi."

Sijaiongezea. Kila mwezi naenda Gotu kumsaidia Aule kufunika tanuri, na mara mbili Kawira amekuja, akashika koleo. Maswali bado anayo, tena mengi. Mimi siyakimbii tena.

Wewe unayesoma, ukiwa na malaika wako, rudi ukaangalie viatu vyake vizuri. Pengine kuna mtu mahali bado anachekwa kwa sababu yako, na Mungu hajawahi kuona aibu kumtuma.