Mlango Unaotazama Kwetu

"Shangazi, mbona mlango wa banda lako unatazama kwetu?"

Nilikuwa darasa la tatu nilipomuuliza. Alikuwa amebana misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akaniangalia, kisha akasema, "Wewe mtoto, shika mbao." Nikashika mbao.

Lakini jamani, lilikuwa swali la haki! Kati ya nyumba yetu na ya shangazi kuna uzio wa waya tu. Mtu akijenga banda la vifaa vya bustani, mlango anauelekeza kwake, ili akitaka jembe achukue jembe. La shangazi lilimpa mgongo mwenyewe. Kufuata reki tu, ilibidi azunguke, ajipenyeze kiubavu kati ya banda na waya. Toroli ndiyo kabisa, haikupita, ililala nje.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyemlea. Alimfulia, alimsugua miguu, alimfundisha kufunga kamba za viatu. Kazi yake mpaka leo ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, na siku za mapumziko anashinda kwenye mboga zake. Banda lake la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa hadi ukitega sikio unawasikia wakitafuna.

Mama yangu naye hakuwa hata na bustani. Alikuwa na vyungu vya maua. Basi siku moja baba akamletea banda jipya la dukani, la bati, la kijani, likafungwa skrubu mchana mmoja likasimama. Shangazi alilitazama kutoka kwake huku anamwagilia, na maji ya keni nzima yakaishia kwenye mche mmoja.

"Hongera, wifi," akasema. "Vyungu vyako sasa vina nyumba."

"Asante, wifi. Karibu uvitembelee."

Wakacheka wote wawili. Ila shangazi alicheka kwa meno tu, macho hayakuwemo.

Wiki hiyohiyo banda lake likaanguka. Sikuliona likianguka, lakini mchana wa siku hiyo, likiwa bado limesimama, nilimwona akilisukuma kwa bega.

Baba akaja mbio. "Dada, usihangaike, nitakununulia kama lile."

"Kama lile? Mkeo apate la kwanza, mimi nipate la kama lile? Acha, mdogo wangu. Nina mikono."

Mikono alikuwa nayo, hela ndiyo hakuwa nayo. Akaanza kuokoteza. Kulikuwa na zahanati inabomolewa, akauziwa milango yake kwa bei ya kuni, ikawa kuta. Mabati akayatoa kwenye banda lililoanguka, akaziba matundu kwa lami. Chini akapanga matofali, mchwa wakitaka kupanda wapande kwa shida. Vipimo alichukua kwa pindo la shuka lililochanika hotelini, na nawaambia, pembe zake zilinyooka kuliko za lile la dukani. Mlango mmoja aliuacha uwe mlango kweli. Ulikuwa bado na maandishi yake ya zahanati: SUBIRI UITWE.

Mama akauona asubuhi. "Wifi! Sasa mimi nikitaka kuazima reki, nisubiri niitwe?"

"Kwani hilo la kijani, wifi, halina reki?"

Jumapili yake baba akavuka uzio. Shangazi alimwona tangu mbali, akajifuta mikono haraka, akatabasamu. Kisha nyuma ya baba akatokea mama, ameshika futi kamba.

"Dada, umekosea upande," baba akasema. "Ngoja tukugeuzie."

"Au tutoboe mwingine hapa," mama akaongeza, keshaanza kupima. "Mimi naona hapa ndipo pazuri."

Uso wa shangazi ulifunga kama duka. "Nani kawaambia limekosea? Liko hivyo hivyo nilivyotaka." Akasukuma komeo, kwaa! Baba akabaki anakuna kichwa.

Tangu siku hiyo mvua za upande wetu zinaingia bandani, na magauni yote ya shangazi yana tundu kiunoni, upande uleule wa waya. Kila nilipouliza, nilipewa kazi. Nimeshapalilia sana kwa sababu ya swali hilo.

Sasa niko kidato cha tatu. Likizo iliyopita mlango ulivimba kwa maji, ukagoma. Tukabanana uchochoroni, mimi na shangazi, tunausukuma. Upande wetu, baba alikuwa anamshikia mama kigoda atundike chungu, wanataniana. Shangazi akaacha kusukuma, akawatazama. Nikauliza tena, nikisubiri nitumwe maji.

"Baba yako," akasema, "tangu mdogo akiona kitu kimekaa vibaya hatulii mpaka akinyooshe. Hata kandambili zangu alikuwa akizipanga. Nikajua akiuona huu mlango kila akiamka, atakuja. Tutaugeuza sisi wawili, kutwa nzima, nimpikie, kama zamani."

"Lakini shangazi, si alikuja?"

Akaupiga mlango teke, ukafunguka.

"Alikuja na mama yako."