Kisu cha Marehemu Nilivyokisafisha

Asubuhi moja niliondoka Keumbu bila mpango, na boda ya kwanza niliyopanda ikanishusha Ekerenyo. Mama mmoja mjane alikuwa na chumba cha kupangisha. Alikuwa pia na kisu cha marehemu mume wake, ambaye alipenda kukusanya visu vya zamani.

"Kimeshika madoa ya kutu. Ukiyatoa, utalala bure."

"Visu ndiyo kazi yangu, mama," nikamjibu.

Akanipa kisu na ufunguo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeng'arisha vinyago vya mawe kule Tabaka, nikafukuzwa kabla sijaizoea kazi. Nikatafuta msasa na maji, nikakisugua kisu kama jiwe. Kutu ikatoka. Ikabaki mistari myeusi kama mawimbi, uchafu mkaidi kweli. Nikasugua hadi ikaisha nayo, nikauona uso wangu kwenye chuma na kujipongeza.

Mama akakigeuza kisu huku na huku.

"Mawimbi yako wapi?"

"Yale meusi? Hayo nimeyatoa kama nyongeza, mama."

"Bobe! Mhunzi aliyatia makusudi! Mzee wangu alikipendea hayo! Wewe ni fundi wa nini hasa?"

"Wa mawe."

Akanyoosha mkono, nami nikamrudishia ufunguo.