Papa Alivyochunga Mbwa wa Daktari

Mbwa aliyeloa mvua, ukimchanganya na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaoanikwa juani, hutoa harufu ambayo hakuna sabuni ya kuishinda. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya mbao pale Goma, mwaka tulioshuka kutoka Masisi tukikimbia vita. Nilikuwa na miaka kumi. Papa alishuka na mke, watoto watano, kofia na fimbo yake ya kuchungia. Ng'ombe walibaki kwa wenye bunduki. Mchunga ng'ombe asiye na ng'ombe, jamani, ni mateso kwa familia nzima. Asubuhi na jioni alitupanga mlangoni akatuhesabu, akitugusa migongo kwa fimbo, hadi Mama akamwuliza kama atatukamua pia.

Mimi nilikuwa na Bijou, mbwa jike wa barabarani mwenye mkia nusu, aliyezaa mara mbili chini ya sakafu yetu. Kila alipotafutwa na madume, mtaa mzima ulikuja kupigana chini ya dirisha letu wakati wa sala, na Papa akawa anaruka hadi "Amina" kabla hatujafika katikati. Watoto wa Bijou walikua wakawa wezi, na mmoja akamng'ata muuza makaa mguuni. Hapo shefu wa avenue yetu, mkuu wa mtaa, akaitisha mkutano: Jumamosi wanaume wote watoke, mbwa wa barabarani wauawe, asibaki hata mmoja. Na nani alikuwa na fimbo nzuri kuliko Papa? Akachaguliwa kuongoza. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Papa akanipapasa kichwa. "Mutoto wangu, ile mbwa haina mwenyewe," akasema. "Kitu yenye haina mwenyewe ni matatizo tu."

Wiki hiyohiyo alikuwepo daktari wa mifugo, mtu mfupi mwenye haraka, aliyefunga turubai kwenye uwanja wa parokia akihasi mbwa na kuwachanja dhidi ya kichaa. Jumanne nilimfunga Bijou kwa kitenge cha Mama, bila ruhusa ya Mama, nikamkokota hadi huko. Sikujua kuhasi kutamwokoa vipi na Jumamosi. Nilitaka tu mtu mzima mmoja awe upande wetu. Daktari alimlaza usingizi, akamtoa kizazi, akamshona, kisha akamkata kipande kidogo kwenye ncha ya sikio. Nilipiga ukelele. Akaniambia ni alama tu, asije akampasua tena mbwa ambaye ameshampasua. Vijana wake waliendelea kuwakamata wengine kwa nyavu, na kufika Ijumaa karibu kila mbwa wa avenue yetu alikuwa na pengo sikioni.

Jumamosi wanaume walitoka. Nilimkumbatia Bijou mlangoni. Papa akainama, akaliinua lile sikio, akalitazama muda mrefu. Kwetu Masisi mnyama aliyekatwa sikio ana mwenyewe, na ukimpiga fimbo umempiga mwenye mali. Papa akarudi nyuma kama aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi. "Ni ya dokta!" akawaambia wenzake. Wenzake, wachunga ng'ombe wasio na ng'ombe kama yeye, wakaenda kukagua masikio mengine, wakarudi wameduwaa. Zote za dokta! Tajiri gani huyu? Shefu, mtu wa mjini, alipiga kelele kwamba mbwa ni mbwa. Hakuna aliyemsikiliza, nami nikacheka na kulia kwa pamoja.

Tangu siku hiyo mbwa akikosea, anayeshtakiwa ni daktari. Mama mmoja alimpelekea sufuria iliyolambwa, amwonyeshe mnyama wake alivyomfanya. Yule bwana alieleza, akaeleza tena, jasho likamtoka. Kisha akafika Papa, kofia mkononi. "Dokta, wanyama yako iko kwangu. Nifanye nini?" Daktari alimtazama Papa, akaitazama fimbo, akanitazama mimi. "Muzee," akasema taratibu, "mimi naenda Rumangabo. Unichungie." Akampa masharti: maji kila siku, makombo kila jioni, mtoto yeyote asiwapige mawe, na kila mwaka wapelekwe kuchanjwa. Asiye na alama aletwe pia.

Papa alirudi nyumbani amerefuka. Akawapa mbwa majina ya ng'ombe wa kifahari, akawaimbia nyimbo za jioni, akabisha milango ya watu kuwagombeza kuhusu minyororo mifupi na mabakuli makavu. Tuliona aibu ya kufa. Risasi zilipoanza na mji mzima ukakimbilia mpakani, yeye alikuja nyuma yetu na mbwa kumi na wanne, akiwapigia miluzi. Askari wa kizuizi cha njiani akauliza, "Muzee, hii mbwa yote ni yako?" Papa akamjibu, "Hapana, ni ya mutu. Yangu ni hawa," akatuonyesha sisi. Askari alicheka hadi akaketi chini, akatupisha. Daktari hakurudi tena, na Papa hakuacha kuchunga.

Leo ninaishi Himbi, hapohapo Goma, nyumba ya matofali na geti la chuma, nina mbwa mwenye kadi ya chanjo na godoro lake. Mwaka jana risasi ziliposogea tena, tulijazana garini tukaondoka. Papa, ambaye sasa anakaa kwa kaka yangu ng'ambo ya mpaka, akanipigia simu. Akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia tumemfungia ndani, gari limejaa; tena, Papa, ni wangu, nilimnunua mwenyewe, hakuna atakayeniuliza.

"Ni yako?" akasema. "Basi ndo maana umeiacha." Akakata simu.