Vikao vitatu kuhusu mwili wa mwanangu, na mwenyewe kazi yake kumimina kahawa

Wakuu, salamu kutoka Hail, Maskati. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na sitii chumvi.

Nna mtoto wa miaka kumi na mbili, nyumbani tunamwita Nunu. Tumemlea kama msichana tangu kuzaliwa. Mwaka huu sauti ikaanza kukwaruza. Kumpeleka kupimwa, kumbe maumbile yake ya ndani ni ya kiume.

Daktari hakumtisha mtu. Alisema zipo sindano za kusimamisha balehe kwa muda, mtoto apate nafasi ya kujijua. Sauti haitavunjika, maana ikishavunjika hairudi. Lakini mifupa inaweza kudhoofika, lazima ifuatiliwe, na mengine ya mbele hayajajulikana vizuri.

"Si dawa ya kukimbilia," akasema, "ila na kungoja pia ni uamuzi."

Halafu akamgeukia Nunu, akamuuliza yeye anaonaje. Nunu akajibu, "Nataka muda nifikiri."

Si jibu hilo jamani?

Wapi! Baba yake akasema lazima ukoo ukae. Wakakaa majilisi, sebule ya wageni, yeye na mashemeji zangu watatu. Na kwetu mtoto wa nyumba ndiye anayemiminia wageni kahawa. Huyo huyo Nunu! Anazunguka na dele la kahawa, wao wanamjadili kama hayupo.

Mmoja: "Mambo ya kizungu hayo." (Wallahi nilicheka kwa hasira. Mtoto wa namna hii, anaitwa khuntha, yumo kwenye vitabu vya fiqhi, sheria za dini yetu, tangu zamani!)

Wa pili: "Achomwe sindano leo leo, watu wasijue."

Wa tatu anatikisa finjani kuwa kahawa imemtosha, kisha anaitisha kikao chengine.

Vikao vitatu, miezi minne. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto. Na mimi mama mtu nilikuwa nyuma ya mlango napakua halua, kimya. Hilo sijisamehe.

Wiki iliyopita nikasikia sauti nzito inaniita kutoka chumbani, nikadhani kaka yake. Alikuwa Nunu. Muda aliouomba, wameutafuna na tende.

Sisemi sindano nzuri, sisemi mbaya. Nasema mwenye mwili aulizwe, tena mapema, daktari akiwepo. Mliopitia haya, niambieni mlifanyaje. Wa kutukana apite njia yake.

Kikao cha nne ni Ijumaa. Nimeshawaambia, kahawa watajimiminia wenyewe.