Mashine ya Ziwani

Siku niliyolambishwa chumvi naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa nikiulizwa jana nilikula nini lazima nimwite mama yako anisaidie. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Bagamoyo, nami nilikuwa kijana mwenye maringo kweli kweli.

Maringo hayo niliyatoa Mwanza. Nilivua ziwani kwa boti za mashine miaka miwili, na niliporudi sikuwa na mazungumzo mengine. Basi sisi wanne wenye boti moja, mimi, shemeji yangu Salimu na wenzetu wawili, tulipopata uwezo wa kununua mashine, wenzangu wakasema mchaguzi ni mimi. Waliniamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kule dukani Dar zilikuwepo mbili. Moja ilitengenezwa kwa ajili ya bahari, nzito, sura haina, na karibu na propela imefungwa kipande cha zinki ili chumvi ikitafune hicho badala ya chuma chenyewe. Ya pili ilifanana na ile niliyoiendesha ziwani, nyepesi, inang'aa, inawaka kwa mvuto mmoja. Nikaichukua hiyo. Muuzaji alipotuambia ni ya maji baridi, yasiyo na chumvi, nilimkatiza, nikamwambia mimi nimetoka ziwani, asinifundishe.

Mzee Kombo, fundi wa mashine pale ufukweni, aliitazama tulipoishusha. "Mwanangu, uliulizia maji yake?"

"Mashine ni mashine, mzee," nikamjibu, tena mbele za watu.

Hakukasirika. Akanishauri kila tukirudi niitumbukize kwenye pipa la maji ya kisima na kuiwasha, itoe chumvi tumboni. Nilifanya hivyo wiki ya kwanza, kisha nikachoka, maana kuteka maji si mchezo. Tena nikaacha kubeba makasia. Niliyaegemeza ukutani sokoni, nikawaambia wenzangu kuwa mambo hayo ni ya watu wa zamani.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja tulikuwa mbele ya Mbegani tukiburura mishipi ya nguru, boti ikienda polepole kwa saa kadhaa, mashine ikafuka moshi, ikakohoa, ikakwama. Nilivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Mkondo ukaanza kutusukuma kwenye mwamba, na nanga haikushika. Salimu alikuwa ameacha nyumbani mtoto wa siku tatu, dada yangu amejifungua, hata jina mtoto hajapewa. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Makasia yako wapi, shemeji?" Niliogopa kufa, mwanangu, lakini niliogopa zaidi kumtazama usoni.

Ndipo tukaona ngalawa inatujia. Alikuwa Mzee Kombo na jirani yake, na ndani ya ngalawa makasia yetu. Alikuwa amepita sokoni, akayaona ukutani, moyo wake ukakataa kutulia. Tuliyapokea, tukapiga kasia hadi mikono ikafa ganzi, na mwamba tukaupita kwa karibu sana.

Pwani hakunisema mbele za watu. Alinipeleka kibandani kwake, akaifungua mashine, akanionyesha vijia vya maji ya kuipoza vimezibwa na kitu cheupe kigumu. Akakwangua kwa kisu, akaniwekea kidoleni.

"Lamba."

Nikalamba.

"Nini hiyo?"

"Chumvi, mzee."

"Ziwani ipo?"

"Haipo."

"Basi usiilaumu mashine. Kesho uje uteke maji."

Nikaenda. Mwaka mzima niliteka maji na kuosha mashine zilizoletwa kwake, na hapo ndipo nilipopata ufundi uliokulisha na kukusomesha wewe na ndugu zako. Namshukuru mzee yule kila siku, na bado naona sijamshukuru. Salimu alishukuru kwa njia yake. Mtoto alipofika siku saba alimwita Kombo.

Sasa nawe kesho unakwenda Dar kuchagua mashine yako. Chukua ya bahari, hata kama nyingine inapendeza. Ile zinki ishike kwa mkono wako, na ikiliwa ibadilishe. Ukirudi kuvua, ioshe mashine kabla hujaoga mwenyewe, na makasia yalale botini hata ukichekwa. Ulichojifunza mahali pengine usikitupe, ila ukifika pageni anza kuuliza upya. Na mtu akikuuliza swali linalokukera, mjibu kwa adabu.

Mungu akulinde na mkondo, akupe wenzi wanaokuamini, na siku ukikosea akujaalie mtu wa kukulambisha chumvi yako kibandani, watu wasione. Binamu yako Kombo unakwenda naye, si ndiyo? Basi kabla ya kupanda basi piteni makaburini mumsomee mzee Fatiha. Mwache Kombo aanze.