Kitabu cha Nne cha Mpima

Chumba cha kushonea cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jikoni na stoo ya vitanda vibovu, na mgeni aliyefika huko ujue amepotea njia. Humo walifanya kazi wanawake watatu, wakitengeneza yale ambayo wagonjwa huyachana na kuyang'oa vifungo bila huruma. Bi Ukurasa alikaa kwenye cherehani akitia mashuka viraka. Mvuke alisimama kwenye meza ya pasi tangu asubuhi hadi saa ya kutoka, na jina hilo alipewa na kazi yenyewe. Wa tatu, mtu mzima kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote, alishona vifungo vya magauni ya wodini. Huyo hata daktari mkuu alimwita Shangazi Vifungo.

Kila siku, wakishakunywa chai ya saa nne, Bi Ukurasa alizima cherehani, akavaa miwani, akawasomea wenzake kwa sauti hadi saa sita. Viraka vyake vya saa mbili hizo waligawana wao. Wakubwa hawakuuliza, maana kazi ilitoka, na kazi ikitoka mkubwa hana neno. Wala msidhani wale wengine walikuwa hawajui kusoma. Mvuke alimaliza shule, tena kwa alama nzuri. Lakini kusomewa ni jambo jingine kabisa. Ukisoma mwenyewe unakwenda kwa miguu yako; ukisomewa unabebwa, na mwanamke aliyesimama tangu alfajiri hakatai kubebwa.

Walikuwa wakisoma *Mpima*, hadithi ya vitabu saba juu ya mwanamke mpima ardhi. Mwanamke huyo alizunguka nchi nzima na mnyororo wake wa kupimia, darubini yenye miguu mitatu na kofia pana iliyopauka. Kitabu cha kwanza alipima bonde, cha pili msitu, cha tatu akafika mtoni. Alikula amesimama. Alilala popote. Wanaume walimwambia hapa hapapimiki, naye akatoa mnyororo akapapima.

"Huyu mwanamke anafua lini?" Shangazi Vifungo aliuliza siku moja. "Kurasa mia mbili sasa, sijamwona na beseni."

"Labda kuna mtu anamfulia," Mvuke akasema.

"Nani? Kila anayekutana naye anamwachia vumbi."

Lakini kesho yake saa nne ilipogonga, Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa, sindano ikiwa tayari na uzi.

Sauti ya Bi Ukurasa haikuwa kubwa. Ilikuwa na mchanga kidogo ndani yake, na haikupanda wala kushuka bila sababu. Ikishashika mwendo, chumba kilianza kulegea. Mvuke wa pasi ulipanda ukatanda kwenye vioo, ua wa nje na matangi yake ukafutika, na shuka jeupe lililotandazwa mezani likawa nchi tambarare isiyo na njia. Mvuke aliwahi kukiri, kwa aibu, kwamba akiipitisha pasi anahisi anatangulia mbele ya Mpima, akimnyooshea ardhi ili apite. Hawakumcheka. Shangazi Vifungo naye alikuwa na mahali pake mle ndani, ila hakuwaambia ni wapi.

Sasa, vitabu hivyo Bi Ukurasa alivipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, vimefungwa kamba, na hakuvifungua hadi alipofika nyumbani. Vilikuwa sita. Cha nne hakikuwamo.

Cha tatu kiliishia pabaya. Mpima amesimama ukingoni mwa mto, na mfukoni ana barua ya dada yake, dada ambaye hawajasemezana miaka na miaka. Hajaifungua. Cha tano kinaanza mlimani, kwenye baridi, na mto, barua na dada havitajwi tena. Bi Ukurasa alijua angewaambia wenzake ukweli wangesikitika siku moja, wakaendelea. Ni maneno ya dakika moja tu, na yalimshinda. Jumatatu alikivalisha kitabu cha pili gazeti, akakifungua mbele yao, macho akayateremsha kwenye kurasa asizozisoma, akaanza kutunga.

Alitunga siku kumi na moja. Alishangaa mwenyewe jinsi maneno yalivyokuja bila kuvutwa. Mpima wake aliifungua barua, akauacha mto, akarudi alikotoka hadi nyumba ya dada yake. Akabisha hodi. Dada hakufungua. Akarudi mara ya pili, dada hakufungua. Akaenda akalala chini ya gari bovu, akiwaza, na siku ya tatu akarudi tena, na mara ya tatu mlango ukafunguliwa. Siku hiyo Shangazi Vifungo alishona kifungo cha wodini kwenye gauni lake mwenyewe. Mvuke aliunguza foronya, jambo ambalo halijatokea miaka minne.

Wiki iliyofuata Mvuke aliingia kazini na macho mekundu, akachomeka pasi, na kabla haijapata moto akasema, "Jana nilikwenda kwa dada yangu."

Walijua habari zile. Mama yao alipofariki, Mvuke alisimama mbele ya watu waliokuja kuzika akasema kwamba dada yake alichelewa kumpeleka mama hospitali. Alisema kwa uchungu, na neno la uchungu likishasikiwa na watu halirudi. Miaka tisa dada yake hakumtazama.

"Akasemaje?" Shangazi akauliza.

"Hakufungua. Niliona pazia limetikisika." Mvuke alipima moto wa pasi kwa kidole kilicholowa. "Si neno. Mpima naye mara ya kwanza hakufunguliwa."

Bi Ukurasa aliinama akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Jumapili ya pili Mvuke alikwenda tena, hakufunguliwa tena. Alirudi kazini mtulivu, karibu na furaha. Bado mara moja, alisema. Alishanunua hata kitenge cha kumpelekea dada. Bi Ukurasa alimsikiliza. Kama Jumapili ya tatu mlango ule ungebaki umefungwa, Mvuke angevunjika, na aliyemvunja asingekuwa dada yake. Na kama angejua mapema kwamba mara tatu zile zilitungwa kwenye cherehani, asingekwenda kabisa.

Alhamisi ya wiki hiyo Shangazi Vifungo aliingiza mkono kwenye kapu la magauni yaliyotoka wodini akatoa kitabu. Mgonjwa fulani alikuwa ameruhusiwa na kukisahau kitandani. Shangazi alikipangusa kwa kiganja, akasoma jalada, uso ukang'aa.

"Mpima. Cha nne. Kama kile ulichosoma, ila hiki kina picha." Akakiweka mbele ya Bi Ukurasa. "Kesho uturudishe pale mlangoni, mwalimu wangu. Huku mlimani baridi imenizidi."

Mvuke alitabasamu kwenye shuka lake.

Bi Ukurasa alikichukua nyumbani, kwa kisingizio cha kukigundisha mgongo. Alikisoma dirishani jua likiwa bado lipo, hata viatu hakuvua. Mpima wa kweli aliifungua barua. Ilikuwa na neno moja: *Rudi.* Aliikunja ilivyokuwa, akaiweka juu ya maji, akaitazama inavyochukuliwa, kisha akapandisha sketi akavuka. Hakukuwa na nyumba wala hodi. Yalikuwa maandishi mazuri, mazuri kuliko yake, na alikasirika kwa kuwa ni mazuri. Alikaa pale hadi herufi zikaanza kuzama, na katika mwanga ule wa mwisho aliwaona Mpima wawili, mmoja ng'ambo ya mto anakwenda zake bila kugeuka, mwingine amesimama mbele ya mlango na vumbi la safari mabegani. Alimpenda wa pili. Alimpenda kwa sababu alimtengeneza kwa kitu alichokuwa akikitaka yeye.

Kwani mara tatu zile alizitoa wapi? Miaka kumi na miwili nyuma Bi Ukurasa alikuwa na mchumba, na mdogo wake wa kike, kwa mdomo mwepesi tu, alimwambia mchumba huyo jambo lisilopaswa kusemwa. Harusi ikavunjika. Mdogo mtu alikuja kuomba radhi, akabisha hodi, Bi Ukurasa akanyamaza. Akaja tena baada ya wiki. Safari ile Bi Ukurasa alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akamsikia anavyopumua, akajiambia: akija mara ya tatu namfungulia. Alisubiri wiki ile, na iliyofuata. Bado anasubiri.

Ijumaa alifika amekwisha kuamua kusema kwamba kurasa za mlangoni zimechanika. Aliacha mfuko wake, kitabu kikiwa ndani, kwenye kiti akaenda kunawa. Aliporudi Shangazi alikuwa amefuata uzi stoo, na Mvuke amesimama na kitabu mkononi, pasi imesimamishwa pembeni.

"Nautafuta mlango," alisema. "Nilitaka nijue alisema nini alipobisha ile mara ya tatu, nami nikaseme hivyohivyo. Uko ukurasa wa ngapi?"

Bi Ukurasa alivuta kiti akakaa. "Haumo," akasema. "Kitabu cha nne sikuwahi kuwa nacho. Yale nilitunga."

Mvuke alikishusha kitabu. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimesimama kwenye mlango wa watu mara mbili, majirani wananitazama, kwa jambo ulilotunga?"

"Ndiyo."

"Na mara ya tatu? Ile ya kufunguliwa?"

"Hiyo nayo nimetunga. Lakini sikuitoa hewani." Ikabidi aseme, na alisema yote, mchumba, mdogo wake, hodi mbili. "Mimi nilikuwa ndani. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Angekuja mara moja tu zaidi, ningefungua. Naapa ningefungua."

"Yeye angejuaje?"

Bi Ukurasa aliutazama mkono wake, ule wa kwenye komeo.

"Angejuaje kwamba unahesabu?" Mvuke akauliza tena, taratibu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Anakaa wapi sasa?"

"Mtaa wa pili kutoka kwangu."

"Mtaa wa pili." Mvuke alikifunga kitabu. "Na wewe umewahi kwenda kwake kubisha?"

"Mimi?" Bi Ukurasa alishangaa kweli. Miaka kumi na miwili alikuwa ameigeuzageuza hadithi hiyo kichwani, amempa mdogo wake kila njia na kila siku ya kuja, na katika hadithi yote hiyo yeye hakuwahi kutoka nje ya nyumba. Aliona haya, haya ya mtu mzima, inayoanzia miguuni.

Shangazi aliporudi na uzi wake aliwakuta kila mmoja na kazi yake. Siku hiyo hapakuwa na kusoma, na yeye, kwa miujiza, hakuuliza.

Jumatatu Mvuke alichelewa. Bi Ukurasa alikuwa ametia kiraka shuka lisilo na tundu alipomsikia koridoni. Aliingia, akatundika mkoba, akachomeka pasi.

"Nilikwenda," alisema.

"Akafungua?" Shangazi akadakia.

"Hakufungua." Alitandaza shuka, akalinyoosha kwa viganja. "Nikamwambia kupitia mlangoni, dada, lile neno nililosema msibani lilikuwa la uongo, na nilijua ni la uongo nilipokuwa nalisema. Nitakuja tena Jumapili ijayo. Na nyingine. Wewe usihesabu, nami sihesabu. Nikaweka kitenge chini nikageuka."

"Basi?"

"Nimefika barabarani, nasikia sauti yake dirishani. Anasema, 'Uje asubuhi. Mchana huwa nalala.'"

Shangazi Vifungo alicheka hadi akashika mbavu, kisha akafuta macho kwa gauni la mgonjwa. Mvuke naye alicheka. Bi Ukurasa hakuweza kucheka. Neno lile, usihesabu, lilikuwa limemwingia mahali palipokuwa na kiu ya miaka. Hivyo ndivyo alivyotaka aambiwe nyuma ya mlango wake, na hakukuwa na mtu ambaye angeweza kujua.

Jioni, baada ya kazi, hakupita ile njia ndefu aliyoizoea, inayozunguka. Alipita mtaa wa pili. Nyumba aliijua, mlango wa kijani, ngazi tatu za saruji, viatu vya watoto ambao hajawahi kuwaona. Kichwani hakuwa na sentensi hata moja, yeye aliyetunga siku kumi na moja bila kukwama.

Alibisha hodi. Ndani nyayo zilikuja hadi mlangoni, zikasimama.

"Ni dada yako," alisema. "Nimechelewa sana. Sina haraka."

Akaketi kwenye ngazi, mfuko wake mapajani. Kisha akasikia, upande wa pili wa mbao, kiti kinavutwa taratibu hadi mlangoni, na mtu anaketi.